Mtoto Asiyeweza Kusoma Si Mjinga

Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani.



Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, watoto wa mijini hurudi nyumbani na ripoti mkononi. Katika nyumba nyingi siku hiyo ni ya furaha. Katika nyumba nyingine ni siku ya kilio, kwa sababu baba au mama amegundua kwamba mtoto aliye darasa la tatu, ambaye sare zake zimeshonwa na madaftari yake yamenunuliwa kwa taabu, bado hawezi kusoma sentensi moja ya Kiswahili. Akipewa kitabu, anatazama picha na kubuni maneno. Akiambiwa aandike "baba", anaandika "dada". Hapo ndipo yanapoanza majina: mjinga, mbumbumbu, kichwa maji. Baada ya majina hufuata bakora, na methali ya kuihalalisha haikosekani: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Juma hili napenda tuipime hukumu hiyo kwa mizani ya historia. Maana swali la kwa nini mtoto mwenye akili timamu anashindwa kusoma halikuanza Manzese wala Eastleigh. Watu wamehangaika nalo kwa karne nyingi, na majibu waliyoyapata yanatufundisha kwamba kabla ya kumhukumu mtoto, hapana budi kwanza kuichunguza njia anayofundishwa.

Hebu tuanze na Roma ya kale. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo aliishi huko mwalimu maarufu wa ufasaha aliyeitwa Quintilian, mzaliwa wa Hispania. Karibu na mwaka 95 aliandika kitabu kikubwa juu ya malezi ya msemaji wa hadhara, na hakuona aibu kuanzia kwa mtoto mdogo anayejifunza herufi. Alishauri mtoto apewe herufi zilizochongwa kwa pembe za ndovu, azichezee, azishike na kuzitaja. Akianza kuandika, herufi zichongwe katika ubao ili kalamu yake ipite ndani ya mifereji ile bila kupotea njia, mpaka mkono uzoee. Na mwalimu huyo huyo alipinga wanafunzi kuchapwa. Hoja yake ilikuwa kwamba kipigo humdhalilisha mtoto, na kwamba mahali ambapo mwalimu anasimamia kazi yake sawasawa, kiboko hakihitajiki.

Angalieni kwamba mawazo hayo mawili yalitoka kwa mtu mmoja. Aliyeona kwamba mtoto hujifunza kwa mkono wake kama anavyojifunza kwa macho yake, ndiye aliyeona pia kwamba fimbo haifundishi herufi.

Turuke karne nyingi, tufike Ufaransa. Mwaka 1800 daktari kijana, Jean Itard, aliletewa mjini Paris mvulana aliyekutwa akiishi peke yake msituni katika wilaya ya Aveyron, asiyejua kusema. Itard alimfundisha kwa miaka kadhaa kwa kuziamsha hisi zake moja baada ya nyingine, na alitumia pia herufi za kushika mkononi. Mvulana yule hakupata kusema vizuri, lakini kazi ile haikupotea. Ilirithiwa na Édouard Séguin, aliyeanzisha mafunzo ya watoto wenye ulemavu wa akili, watu ambao wakati huo jamii iliwafungia tu mahospitalini. Séguin alisisitiza kwamba mafunzo yaanze na misuli na hisi, ndipo yapande hadi kwenye fikra.

Nusu karne baadaye maandishi ya watu hao wawili yalimfikia mwanamke wa Italia, Maria Montessori, aliyezaliwa mwaka 1870 na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Alipopewa kazi ya kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili, aliwatengenezea herufi za mbao za kupapasa kwa vidole. Baadhi yao walijifunza kusoma na kuandika, wakafanya mtihani uleule waliofanya watoto wa shule za kawaida, nao wakafaulu. Watu walishangilia. Yeye alishangaa kwa sababu nyingine. Alijiuliza: ikiwa watoto hawa wamefika hapa, ni kitu gani kinachowazuia wale wenye afya wasifike mbali zaidi?

Tarehe 6 Januari 1907 alipata nafasi ya kulijibu swali lake. Katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa makabwela wa Roma, wenye nyumba walitaka watoto wadogo wawekwe mahali pamoja wakati wazazi wao wako kazini, wasije wakachafua kuta. Montessori alikabidhiwa watoto kama hamsini wa umri kati ya miaka mitatu na sita au saba. Alitaka kuwatengenezea herufi nzuri za mbao kama zile za zamani, lakini hakumpata fundi wa kuifanya kazi hiyo. Basi akakata herufi kubwa kwa karatasi ya msasa, ile ile ya kusugulia mbao, akazibandika juu ya kadi laini.

Kwa hiyo herufi za msasa, ambazo leo zinauzwa kwa bei kubwa katika maduka ya vifaa vya shule za kimataifa, zilizaliwa kwa sababu ya kukosa. Mtoto aliifuata herufi kwa kidole kama anayeiandika, huku akiitamka sauti yake. Jicho liliona, sikio lilisikia, kidole kilihisi ukwaru wa msasa, na mkono ukakariri mwendo. Siku moja ya Desemba yenye jua, mwalimu akiwa na watoto juu ya paa la nyumba, alimpa mmoja wao wa miaka mitano chaki achore bomba la moshi. Mtoto akachora, kisha akapiga kelele kwa furaha na kuanza kuandika chini maneno ya Kiitaliano yenye maana ya mkono, bomba la moshi na paa. Hakuna aliyemfundisha kuandika maneno yale. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuziandaa herufi zote, na ilibaki kuziunganisha tu. Wenzake nao walianza kuomba chaki.

Sasa, ndugu wasikilizaji, mtu anaweza kuuliza: vipi kuhusu yule mtoto ambaye, hata akifundishwa na mwalimu hodari pamoja na wenzake, yeye peke yake anabaki nyuma? Swali hilo lilijibiwa na madaktari wa macho na wa ubongo. Mwaka 1887 daktari wa Kijerumani, Rudolf Berlin, alitumia neno disleksia kuelezea watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma kwa sababu ya maradhi ya ubongo. Kisha, mwaka 1896, daktari wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana yule alikuwa na macho mazima na akili nzuri, aliweza hesabu, na mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo angekuwa mwerevu kuliko wenzake wote shuleni. Lakini kusoma kulimshinda kabisa. Hata jina lake mwenyewe aliliandika kwa kugeuza herufi: Precy badala ya Percy. Daktari aliiita hali hiyo upofu wa maneno wa kuzaliwa nao.

Mwaka 1925 daktari wa Marekani, Samuel Orton, alikwenda na wenzake katika wilaya moja ya jimbo la Iowa na kuwaomba walimu wamletee watoto wanaoshindwa shuleni. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 16 ambaye hakujua kusoma, lakini akili yake ilionekana nzuri katika mambo yasiyohitaji maandishi. Orton aliona kwamba watoto wa namna hii si wachache, na kwamba wengi wao huchanganya b na d, au husoma neno kinyumenyume. Maelezo yake juu ya pande mbili za ubongo zinazoshindana hayakuthibitishwa na sayansi ya baadaye. Leo wataalamu wanakubaliana zaidi kwamba shida kubwa ya mtoto mwenye disleksia iko katika kuzitenganisha sauti za maneno na kuziunganisha na herufi, wala si katika macho. Lakini tiba aliyoipendekeza Orton ilidumu kuliko nadharia yake.

Tiba hiyo ilipata umbo kamili kwa mikono ya walimu wawili wanawake wa New York, Anna Gillingham na Bessie Stillman, walioandika mwongozo wao katikati ya miaka ya 1930. Njia yao ni hii. Mwalimu anaonyesha kadi yenye herufi, mtoto anataja sauti yake. Kisha mwalimu anatamka sauti, mtoto anataja herufi. Kisha mtoto anaifuata herufi kwa kidole, anaiandika huku akiitamka, na mwisho anaiandika macho yakiwa yamefumbwa. Hakuna kuruka hatua. Herufi mpya haiji mpaka ya zamani imekaa. Huko California naye Grace Fernald, aliyefungua kliniki yake chuoni mwaka 1921, alimwandikia mtoto neno zima kwa maandishi makubwa, na mtoto akalifuata kwa kidole huku akilitamka sehemu kwa sehemu, mara nyingi kadiri ilivyohitajika, mpaka aweze kuliandika bila kutazama.

Njia hizi zote ndizo zinazoitwa kufundisha kwa milango yote ya fahamu. Na hapa ndipo tunapopaswa kujiuliza: je, ni jambo geni kwetu?

La hasha. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, kutoka Lamu mpaka Kilwa na visiwani, mtoto alianza kwa ubao, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Alitamka herufi, kisha irabu yake, kisha sauti ya vyote viwili, kwa sauti ya juu pamoja na wenzake, mwili ukiyumba kwa mahadhi. Aliandika, akasoma alichoandika, kisha akaufuta ubao kwa maji na kuanza upya. Jicho, sikio, ulimi na mkono vilifanya kazi pamoja. Ni kweli kwamba bakora nayo ilikuwapo chuoni, na kwamba wengi walikariri bila kufahamu maana. Lakini ubao ule haukugharimu fedha nyingi, na watu wa pwani walikuwa wakiandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu kabla ya shule ya kwanza ya kikoloni kufunguliwa. Hali kadhalika, mzee wa bara aliyemwandikia mjukuu wake herufi mchangani kwa kijiti hakuwahi kumsikia Montessori, lakini alifanya jambo lile lile.

Tena sisi tumebarikiwa lugha nyepesi kuandikwa. Mtoto wa Kiingereza anakabiliwa na herufi zinazobadilisha sauti kila mara. Mtoto wa Kiswahili ana irabu tano tu, na kila moja hubaki na sauti yake. Akizijua ba, be, bi, bo, bu, na silabi za namna hiyo, anaweza kusoma neno ambalo hajapata kuliona. Ndiyo maana wazazi wetu wengi walisoma kwa kuimba silabi, wakipiga makofi. Ugumu unakuja baadaye, kwenye mba na nda, kwenye nywa na mbwa, na katika kutofautisha ng na ng'. Hapo ndipo mwalimu mwenye haraka huwapoteza watoto.

Historia yetu ya karibuni nayo ina mafunzo yake. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, kama theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Watu walisoma chini ya miembe, viwandani na kwenye ofisi za vijiji. Kufikia mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Watoto nao walifunguliwa milango kwa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Baada ya hapo zikaja shida za uchumi, ada zikarudi, watoto wakapungua. Uganda ilipoanza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, Tanzania ilipofuta ada tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kenya ilipofuata mwaka 2003, watoto waliingia madarasani kama mafuriko. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini mwalimu mmoja aliyekuwa na watoto arobaini alijikuta na watoto mia moja, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kuandika ubaoni na kuwaambia wote waitikie kwa pamoja.

Katika kuitikia kwa pamoja, mtoto asiyejua hujificha. Mdomo unachezacheza, sauti ya wenzake inambeba, na mwalimu hawezi kumwona. Matokeo yalionekana pale mradi wa Uwezo ulipoanza kuwapima watoto majumbani. Katika upimaji wa kwanza wa Tanzania, mwaka 2010, kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao hawakuwa wajinga. Ni watoto ambao hawakufundishwa, ingawa walikuwa wamekaa darasani.

Serikali zetu hazikukaa kimya. Tanzania ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, ukajikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka huohuo Kenya ilianzisha nchi nzima mpango wa Tusome, ambao ulimpa kila mtoto kitabu chake, ukampa mwalimu mwongozo wa kila somo, na ukapeleka wakufunzi darasani kumsaidia. Usomaji uliongezeka. Siri haikuwa mashine za ajabu. Watoto walifundishwa sauti za herufi kwa mpangilio, na mwalimu hakuachwa peke yake.

Hapa inafaa tuwe wakweli, maana siku hizi mijini biashara ya elimu imepamba moto. Kuna watu wanaowauzia wazazi vifaa vya bei kubwa na kuwaambia kwamba mtoto huyu ni wa kujifunza kwa macho, yule wa kwa masikio, na mwingine wa kwa mikono. Madai hayo ya kuwagawa watoto mafungu mafungu hayajathibitishwa. Hata ile njia ya Orton na Gillingham, mwaka 2021 watafiti wa Marekani walipoyakusanya majaribio yaliyofanywa, waliona dalili njema, lakini tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba inazishinda njia nyingine. Jambo lililothibitika kwa nguvu zaidi ni kufundisha sauti na herufi waziwazi, kwa mpangilio, bila kuruka, na kurudia mpaka mtoto ashike. Kidole na mchanga havina uchawi. Vinasaidia kwa sababu vinamfanya mtoto atulie juu ya herufi moja, aitende badala ya kuitazama tu, na vinampa mwalimu nafasi ya kuona ni wapi mtoto anapokwama.

Basi, ndugu mzazi, kabla hujaushika mkanda, fanya haya. Kwanza, hakikisha mtoto anaona na anasikia vizuri, kwani watoto wengi huadhibiwa kwa kosa la macho yao. Pili, tafuta anapokwama: ni irabu, ni silabi, au ni kuunganisha? Tatu, chukua sinia, mwaga mchanga mkavu au unga, mwambie aandike herufi moja kwa kidole huku akiitamka. Ukitaka herufi za msasa, karatasi moja kutoka duka la vifaa vya ujenzi hutoa herufi kadhaa. Vizibo vya soda vikiandikwa silabi juu yake vinatosha kujenga maneno mia. Anayechanganya b na d afundishwe kwanza moja tu, mpaka mkono wake uizoee, ndipo aletewe ya pili. Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa tatu za siku ya Jumamosi. Na akiona kwamba jitihada zote hizi hazimsaidii mwanawe, mzazi amwone mwalimu wa elimu maalumu, kwani disleksia haiishi kwa kufokewa.

Kwa walimu nasema hivi: mtoto asikiwe akisoma peke yake angalau mara moja kwa juma, hata kama ni silabi mbili. Na kwa wale wanaopanga mafungu ya fedha, darasa la kwanza ndilo linalostahili mwalimu bora na watoto wachache. Katika shule nyingi mambo huenda kinyume: walimu hodari hupewa darasa la saba, kwa sababu ya mtihani, na wachanga hupewa watoto wadogo. Nyumba haijengwi kuanzia kwenye paa.

Ile methali tuliyoanza nayo haina kosa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini wahenga walisema pia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyeitwa mjinga kila siku kwa miaka saba huishia kuamini. Akifika ukubwani anaweka kidole gumba kwenye karatasi ya benki au hati ya kiwanja asichoweza kusoma, na wajanja wa mjini wanamla. Hasara hiyo ni ya kwake, ya watoto wake, na yetu sote. Kidole hicho hicho kingeweza kufundishwa kuandika jina lake alipokuwa na miaka sita, kwa sinia moja la mchanga na mtu mzima mwenye subira.